Tom wa Kikosi cha 71

Mwaka 1819 kilichapishwa mjini Edinburgh kitabu kisichotaja jina la mwandishi wake. Kilijitambulisha tu kuwa ni kumbukumbu za askari mmoja wa Kikosi cha 71, askari wepesi wa miguu wa Nyanda za Juu za Uskoti, tangu mwaka 1806 hadi 1815. Majenerali wa zama hizo waliandika barua na ripoti kwa wingi. Mtu aliyebeba shanta na kulala matopeni aliandika mara chache, na wengi wa aina yake hawakujua hata kusoma. Huyu alijua. Toleo moja la miaka ya karibuni limempa jina la Joseph Sinclair, lakini kambini wenzake walimwita Tom, nami nitamwita hivyo, maana ndilo jina alilopewa na watu waliokula naye chungu kimoja.

Alizaliwa Edinburgh mnamo 1790. Wazazi wake walikuwa maskini, lakini walijinyima wakampeleka shule, wakitumaini elimu ingempandisha daraja wasiyoweza kuifikia wao. Kijana akapenda kitu kingine kabisa: jukwaa la maigizo. Akaandamana na waigizaji, akajiona ana kipaji, na alipokuwa na umri wa miaka 16 akapata nafasi ya kusimama mbele ya watu. Usiku ule ulimi uliganda. Yote aliyoyakariri yalimtoka kichwani, na ukumbi ukamzomea. Hakuthubutu kurudi kwao. Alitangatanga gizani, akateremka hadi bandari ya Leith, pale pale chini ya mji, akapanda chombo kilichokuwa kikielekea kusini mwa Uingereza na makuruta ndani yake.

Wako waliosukumwa jeshini na njaa, wako waliolewa wakaamka wamekwisha pokea shilingi ya mfalme, na wako waliopenda koti jekundu na ngoma. Tom aliandikishwa na aibu. Hili naliona kuwa ufunguo wa maisha yake yote ya kijeshi, kwa sababu miaka tisa iliyofuata, kila alipokuwa karibu na kufa, fikra zake zilikwenda kwa baba na mama aliowaacha bila kuwaaga.

Sheria mpya ya mwaka 1806 ilimruhusu askari wa miguu kujiandikisha kwa miaka saba badala ya kujifunga maisha yake yote. Tom alichagua miaka saba. Alipokea gini 11 za kujiandikisha, akatuma sehemu ya fedha hizo kwa wazazi wake. Mshahara ulikuwa shilingi moja kwa siku, lakini kabla haijafika mkononi ilikwisha kukatwa chakula, nguo na matengenezo ya vifaa. Kambi yake ya kwanza ilikuwa katika kisiwa cha Wight, na huko alijifunza kulitumia gobori la gumegume: kurarua karatasi ya baruti kwa meno, kumimina, kushindilia kwa mdeki, kuinua, kufyatua. Askari aliyefundishwa vizuri alipiga risasi tatu kwa dakika, na zaidi ya mita 100 shabaha yake ilikuwa ya kubahatisha.

Kilichomshinda zaidi ya silaha ni watu. Alilelewa katika nyumba ya sala na vitabu. Sasa alizungukwa na ulevi na matusi toka alfajiri hadi usiku. Alijitenga, nao wakamwona anaringa. Wakambandika majina mawili: Tom Mwenye Maringo, na Mmethodisti Mwenye Huzuni. Rafiki alimpata mmoja tu, Donald M'Donald, Mkatoliki kutoka Nyanda za Juu, mtu mgumu kama jiwe na mwenye moyo mweupe. Ukisoma kumbukumbu hizi utaona kwamba bila Donald huenda zisingeandikwa.

Vita vya kwanza vya Tom havikuwa dhidi ya Wafaransa. Uhispania wakati huo ilikuwa mshirika wa Napoleon, na maofisa wa Uingereza walitamani makoloni yake ya Amerika Kusini. Kikosi cha 71 kilikuwa kimeuteka mji wa Buenos Aires katikati ya 1806, kisha wenyeji wakainuka na tarehe 12 Agosti wakakilazimisha kusalimu amri. Makuruta kama Tom walipelekwa kuongeza nguvu. Tarehe 3 Februari 1807 Waingereza waliivamia Montevideo na kuichukua, na Tom akapangiwa kukaa katika nyumba ya mjane kijana, Maria de Parides, aliyeishi na baba yake mzee. Walimwogopa mwanzoni, kama mtu yeyote angemwogopa askari mgeni aliyeletewa chumbani kwake. Baadaye walimtunza kama mmoja wa jamaa. Jina la mwanamke huyo litarudi mwishoni mwa habari hii.

Kisha likaja shambulio la Buenos Aires, tarehe 5 Julai 1807. Jenerali John Whitelocke aliwaingiza askari katika barabara ndefu zilizonyooka, wengi wakiwa na bunduki zisizo na risasi, wategemee singe peke yake. Juu ya mapaa walikuwa wakazi wenye bunduki, mawe na mabomu ya mkono. Karibu Waingereza 1,000 waliuawa au kujeruhiwa, na wengine wengi zaidi wakatekwa. Whitelocke akakubali kuondoka, Montevideo nayo ikiachwa, na alipofika kwao akashtakiwa na kufukuzwa jeshini.

Kabla ya kupanda meli Donald alisita. Huku Amerika Kusini alikuwa miongoni mwa Wakatoliki wenzake, akipendwa na kualikwa kila nyumba. Kwa nini arudi kwenye baridi na amri za sajini? Tom hakuwa na hoja ya kumjibu. Siku moja akaimba tu, bila kusudi lolote, wimbo wa kwao unaoitwa Lochaber No More, wa mtu anayeiaga nchi yake asiyotarajia kuiona tena. Machozi yakamlengalenga yule mwanamume wa milimani, akasema hawezi kubaki. Wakarudi pamoja hadi Ayalandi.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa yamepinduka. Napoleon alimweka kaka yake Joseph kwenye kiti cha ufalme wa Uhispania, na Wahispania wale wale wakawa marafiki wa Uingereza. Tom alishuka pwani ya Ureno Agosti 1808 chini ya Arthur Wellesley, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Wellington. Kwenye vita vya Vimeiro, tarehe 21 Agosti, mpiga zumari wa kikosi, George Clark, alipigwa risasi akaanguka, akaketi chini na kuendelea kupuliza zumari yake ya mfuko wa ngozi ili wenzake wasipoteze moyo. Siku hiyo hiyo koplo aitwaye Mackay alimkamata jenerali wa Kifaransa, Brennier, na alipopewa mfuko wa fedha na mateka wake aliukataa.

Ushindi huo ulifuatwa na majira ya baridi ambayo Tom hakuyasahau. Sir John Moore, mzaliwa wa Glasgow, aliliongoza jeshi hadi ndani ya Uhispania, kisha akagundua kwamba Napoleon mwenyewe alikuwa njiani kumzunguka. Mkesha wa Krismasi wa 1808 jeshi lilianza kurudi nyuma kuelekea bandari ya La Coruña, kupitia milima ya Galicia. Theluji ilianguka, magari ya ng'ombe yakakwama, viatu vikaoza miguuni. Karibu na Nogales mapipa ya fedha za jeshi, zipatazo pauni 25,000, yalisukumwa bondeni kwa kuwa wanyama wa kuyavuta walikwisha kufa. Nidhamu ya vikosi vingi ikavunjika. Watu walivunja maghala ya mvinyo, wakalala pale walipolewa, na asubuhi ikawakuta wamekufa kwa baridi au wamekatwa na panga za wapanda farasi wa Kifaransa. Jeshi lilipoteza watu wapatao 5,000 kabla hata ya vita vyenyewe.

Tom na Donald walikuwa peku. Nyayo za damu zilionekana juu ya theluji mbele yao na nyuma yao. Donald, ambaye siku zote ndiye aliyemvuta mwenzake, alikuwa karibu kuwa kipofu kwa mafua na mng'ao wa theluji, na mwisho akakaa chini. Tom akakaa naye. Hawakusemezana. Walitazamana, wakafumba macho, wakasubiri. Walikuwepo wengine zaidi ya 30 waliokaa vivyo hivyo kando ya njia. Tom anasema alitamani kutuma salamu za mwisho nyumbani, lakini nani angezipeleka? Alijaribu kusali, naye akahisi kwamba nusu saa ya uhai ndiyo iliyobaki. Kelele za farasi na hatari ya adui ndizo zilizowainua. Hofu ikafanya kazi ambayo tumaini lilishindwa kuifanya. Wakafika pwani. Tarehe 16 Januari 1809 Wafaransa walirudishwa nyuma nje ya mji, Moore akauawa kwa mzinga, na mabaki ya jeshi yakapanda meli yakiwa katika hali iliyowatisha watu wa bandari za Uingereza walipoyaona yakishuka.

Hata miezi sita ya kupumzika haikutimia. Julai 1809 watu wapatao 39,000 walipelekwa kisiwa cha Walcheren, Uholanzi, kwa nia ya kuiharibu bandari ya Antwerp. Mji wa Flushing ulizingirwa ukajisalimisha katikati ya Agosti, na hapo kampeni ikafa. Walcheren kwa sehemu kubwa ni ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari, yenye mifereji na maji yaliyotuama, na mwisho wa joto mbu walijaa. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa homa iliyofuata: mtetemeko, jasho, nafuu ya siku moja, kisha mtetemeko tena. Malaria ilichanganyika na homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kambini. Waliouawa na adui walikuwa 106. Waliouawa na maradhi walikuwa takriban 4,000, na Februari 1810 wengine zaidi ya 11,000 walikuwa bado wagonjwa. Gome la mkwinini, dawa pekee iliyosaidia, halikutosha hata kidogo, ingawa madaktari wa jeshi walijua tangu karne iliyotangulia sifa mbaya ya visiwa vile. Tom alikuwa mmoja wa waliolala hospitalini Kent wakitetemeka. Nikilinganisha vita vyote alivyopigana, hivi vya Walcheren ndivyo vinavyonikasirisha kuliko vyote, kwa sababu hakuna aliyehitaji ujasiri wa adui ili kuwaua watu hawa, walitosha waliowapeleka.

Mwaka huo wa 1809 Kikosi cha 71 kiligeuzwa kuwa cha askari wepesi, wale wanaotangulia safu kuu, wakipigana wametawanyika wawili wawili, mmoja akifyatua huku mwenzake akishindilia. Kazi hiyo ilimtaka askari afikiri mwenyewe, nadhani ndiyo iliyomfaa kijana aliyesoma. Walirejea Ureno Septemba 1810, wakashika ngome za Torres Vedras, na Mei 1811 wakafika Fuentes de Oñoro, kijiji cha nyumba za mawe karibu na mpaka wa Ureno na Uhispania.

Jioni ya tarehe 3 Mei Wafaransa walikuwa wamekitwaa karibu kijiji chote. Askari wa 71 walikuwa hawajala mkate siku mbili. Kanali wao, Henry Cadogan, alijiweka mbele akawaambia kwamba chakula kipo kule bondeni, twendeni tukagawane. Waliteremka mbio, wakipishana na wenzao waliokuwa wakirudi nyuma na kuwaonya kwamba nao watarudi kasi kuliko walivyokwenda. Ndani ya vichochoro singe ya Mfaransa ilipita kati ya ubavu wa Tom na nguo yake, ikakwama kwenye shanta mgongoni. Kabla hajajinasua, mtu wa nyuma yake alimpiga yule Mfaransa risasi. Na papo hapo risasi nyingine ikalirarua bega la koti la Tom na kumuua huyo huyo aliyemwokoa, akamwangukia. Alimsukuma kando akaendelea. Hakukuwa na muda wa zaidi ya hapo. Usiku bega lake la kulia lilikuwa jeusi tititi kwa mateke ya gobori, kwa kuwa alikuwa amefyatua zaidi ya risasi 100.

Kesho yake pande zote mbili zilisimama ili zikusanye maiti. Wafaransa wakaleta bendi zao kwenye uwanja ulio kati ya majeshi, wakapiga muziki hadi jua likazama, askari wao wakicheza ngoma na kandanda. Waskoti waliwatazama huku wakipika walichokipata. Tarehe 5 Mei mapigano yakarudi katika vichochoro vile vile.

Miaka miwili iliyofuata naipita haraka, ingawa Tom hakuipita haraka. Alikuwepo Arroyo dos Molinos Oktoba 1811, divisheni ya Kifaransa ilipofumaniwa katika ukungu wa asubuhi. Alikuwepo Almaraz Mei 1812, ngome ilipopandwa kwa ngazi. Katika miaka hiyo kuna majira ya baridi katika kijiji cha Uhispania anachokiita Boho, kulikokuwa na nyama ya nguruwe, dansi, na watu waliowapokea askari kama wageni wa heri. Anakieleza kwa upendo ambao hakuuonyesha kwa mahali pengine popote nje ya Uskoti.

Tarehe 21 Juni 1813, huko Vitoria, kikosi kilitumwa kupanda vilima vya La Puebla kabla ya jeshi lote. Walivitwaa, wakavishika, na wakalipa: zaidi ya 300 kati yao waliuawa au kujeruhiwa. Cadogan alipigwa risasi, akaomba abebwe mpaka mahali ambapo angeweza kuona jinsi vita vinavyokwenda, akafa akitazama. Bondeni, wakati huo, askari wa vikosi vingine walikuwa wakipora magari ya mfalme Joseph yaliyojaa fedha, vyombo na picha. Waliopigana mlimani walibaki mlimani na majeruhi wao. Kisha zikafuata Pyrenees, Orthez, na Toulouse Aprili 1814, na Napoleon akajiuzulu.

Miaka saba ya Tom ilikwisha kupita. Napoleon aliporudi kutoka uhamishoni Elba, naye Tom alikuwa bado chini ya bendera, na usiku wa tarehe 17 Juni 1815 alilala katika mvua na matope ya Waterloo. Alikuwa na umri wa miaka 25, mzee kwa hesabu ya kikosi. Walipopanga mraba kuwangoja wapanda farasi, kijana aliyejiunga siku za karibuni alimwambia kwamba ana hakika atakufa siku hiyo. Alimwomba jambo moja: akifika nyumbani awaambie wazazi wake kwamba mtoto wao aliomba msamaha kwa huzuni aliyowatia, na kwamba alikufa akiwaombea. Tom alimtia moyo, na moyo wake mwenyewe ukaingia giza. Ombi hilo angeweza kulitamka yeye, neno kwa neno, wakati wowote tangu asubuhi ile ya Leith.

Mizinga ilikata watu ndani ya mraba, safu ikajibana kuziba mapengo, farasi wakaja na kurudi, wakaja na kurudi. Jioni Walinzi wa Kifalme wa Napoleon walipoanza kuvunjika, brigedi ya Jenerali Adam, 71 wakiwemo, iliwafuata mteremkoni. Baadaye kila askari aliyekuwepo alipewa nishani, ya kwanza ya Uingereza kutolewa kwa watu wa vyeo vyote. Fedha za ushindi nazo ziligawanywa: Wellington alipangiwa karibu pauni 61,000, akarudisha 40,000, jenerali alipata zaidi ya pauni 1,200, askari wa kawaida alipata pauni 2, shilingi 11 na peni 4.

Tom aliachishwa jeshi bila pensheni, maana pensheni ilikuwa ya waliotumikia muda mrefu zaidi au waliolemazwa. Alirudi Edinburgh wakati mbaya. Zaidi ya wanajeshi na mabaharia 300,000 walikuwa wakirudi nyumbani kwa mkupuo, viwanda vilivyoshona sare na kuyeyusha chuma cha mizinga vilifunga, na mwaka 1816 mavuno yaliharibika katika sehemu kubwa ya Ulaya kufuatia mlipuko wa volkano ya Tambora, Indonesia, mwaka mmoja kabla. Kijana aliyejua Kihispania, aliyepika chini ya mvua ya risasi na kutembea peku katika milima ya Galicia, hakupata hata kazi ya kibarua.

Maneno yake ya mwisho ni barua aliyomwandikia rafiki yake John mwaka 1818, akimwachia maandishi yote ayatumie apendavyo. Anasema miezi mitatu hana kazi. Ni mzigo kwa mwanamke aitwaye Jeanie na mumewe wanaomlisha. Mama amekwisha kufariki. Anatamani angekuwa askari tena, na ukikumbuka jinsi alivyouchukia uaskari kambini Wight, utaelewa jinsi amani ilivyomtendea. Amefikiri kwenda kuishi Boho. Ameamua kwenda Amerika Kusini, amtafute Maria de Parides, anayeamini atamwonyesha njia ya kujipatia riziki bila kumtegemea mtu. Akifanikiwa atarudi, azikwe kando ya wazazi wake, asipofanikiwa, hatarudi.

Nauli hakuipata. Mhariri wa kitabu anaongeza maelezo mafupi kwamba mtu huyu alionekana tena, akifanya kazi ya kutengeneza barabara pamoja na vibarua wengine viungani mwa Edinburgh. Kitabu chake kilichapishwa upya mwaka 1828, na Charles Oman, mwanahistoria mkubwa wa vita vya Wellington, alikihesabu miongoni mwa vyanzo vyake. Christopher Hibbert alikitoa tena mwaka 1975.